UZI: Kwa nini nadharia za njama za chama kile ni uzushi, na za chama chetu ni "maswali"?

Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Naanza na tarakimu nne ambazo zimenikaa kichwani wiki nzima. Baada ya uchaguzi wa rais wa Marekani wa 2020, kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza wapiga kura kama uchaguzi ule uliendeshwa vizuri. Waliompigia Biden wa Democratic, aliyeshinda, 94% walisema ndiyo. Waliompigia Trump wa Republican, 21% tu. Mwaka 2024 wapiga kura wakaulizwa tena. Safari hii Trump kashinda, na watu wake waliosema uchaguzi umeendeshwa vizuri wakapanda hadi 93%. Wa Harris, mpinzani wake wa Democratic, wakawa 84%.

Zitazameni taratibu. Mtu anayetoka 21 hadi 93 ndani ya miaka minne hajakaa na makaratasi akachunguza mfumo wa kuhesabu kura. Kashinda, moyo umetulia, basi. Na upande wa pili umeteremka, japo kidogo. Hilo la "japo kidogo" najua litaniletea maneno, tutalifikia.

Nadharia ya njama ninayoizungumzia hapa ni dai kwamba kikundi cha wenye nguvu kilikaa sirini kikapanga uovu, na kwamba maelezo tunayopewa hadharani ni pazia tu. Dai kama hilo linaweza kuwa kweli, linaweza kuwa uongo. Kinachoniuma ni namna tunavyochagua la kuliamini. Tunatazama kwanza mshitakiwa ni nani. Akiwa wa upande ule, ushahidi wa kiganja unatosha. Akiwa wa kwetu, hata gunia la ushahidi halitoshi.

Nichukue mfano wa upande mmoja. Desemba 2020, jimbo la Georgia, ambako Biden alimpita Trump kwa kura 11,779. Ikatolewa video ya kamera za ulinzi kutoka ukumbi wa kuhesabia kura mjini Atlanta. Wanaonekana wafanyakazi usiku wakivuta masanduku kutoka chini ya meza. Anaonekana pia mama mmoja akimpa binti yake kitu kidogo mkononi. Rudy Giuliani, wakili wa Trump, akawaambia wabunge wa jimbo kwamba wale wawili walikuwa wanapitishiana vifaa vya USB vya kuhifadhia data, mfano wa watu wanaopeana dawa za kulevya.

Wachunguzi wa jimbo walikaa wakaitazama video nzima badala ya kile kipande. Masanduku yalikuwa yale ya kawaida ya kubebea kura, na yaliwekwa chini ya meza mapema usiku huohuo, wafanyakazi wakidhani wanafunga kazi. Kura za jimbo zima, karibu milioni 5, zilikuwa zimeshahesabiwa upya kwa mkono na mshindi akabaki yuleyule. Na kile kitu kidogo? Juni 2022 yule binti alikula kiapo mbele ya kamati ya Bunge, akaulizwa mama yake alimpa nini. Akajibu: pipi ya tangawizi.

Kwa ajili ya pipi ile, mama mtu mzima aliihama nyumba yake kwa takriban miezi miwili baada ya shirika la upelelezi la FBI kumwambia si salama kukaa pale. Vitisho vilimfuata kila alipokwenda, hata jina lake akaogopa kulitaja mbele za watu. Desemba 2023 mahakama mjini Washington ilimwamuru Giuliani awalipe mama na binti dola milioni 148. Fedha ni fedha, lakini hakuna hukumu inayoweza kumrudishia mtu jina lake.

Sasa upande wa pili, maana najua kuna waliokuwa wanatikisa kichwa kwa kuridhika. Julai 13, 2024, mjini Butler, Pennsylvania, mtu aliyepanda juu ya paa alimfyatulia Trump risasi. Trump akajeruhiwa sikio. Mwanamume mmoja aliyekuja mkutanoni na familia yake akauawa, wengine wawili wakajeruhiwa vibaya, na mshambuliaji naye akauawa palepale. Kabla hata jua halijazama, ujumbe ulianza kuzagaa kwamba yote ni maigizo. Ile picha yenye ngumi hewani, damu shavuni na bendera nyuma imependeza mno, walisema, haiwezi kuwa ya kweli. Kura ya maoni ya Morning Consult siku chache baadaye iliwakuta takriban theluthi ya wafuasi wa Biden wakiona huenda tukio lilipangwa.

Marehemu ana mjane. Ana watoto. Mtu anayesema "maigizo" anaiambia familia ile kwamba msiba wao ni mchezo wa jukwaani. Sioni tofauti ya uzito kati ya neno hilo na lile la USB.

Karibuni. Naomba tujadili kwa hoja.

---

Hoja Kwanza

Mkuu Kalamu, nimekusoma hadi mwisho. Uzi mzuri ila kuna hatari ndani yake. Ukiendelea hivi utawafanya watu waone kila anayeshuku serikali ni mgonjwa.

Niambie kuhusu Tuskegee. Kuanzia 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 huko Alabama, na 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 penisilini ilikuwa ndiyo tiba inayojulikana, na wao wakanyimwa, ili madaktari waone ugonjwa unavyommaliza mtu hadi kaburini. Sasa vuta picha mmoja wao mwaka 1960 anasimama kijijini anasema serikali inatuacha tufe ili ituangalie. Angeitwaje?

Kuna COINTELPRO, FBI kuwapeleleza na kuwavuruga wanaharakati, hadi kumtumia Martin Luther King barua isiyo na jina ya kumshawishi ajiue. Kuna MKUltra, shirika la ujasusi la CIA kuwapa watu dawa ya kulevya ya LSD bila wao kujua. Kuna Watergate, watu wa Rais Nixon kuvunja ofisi za chama cha Democratic na Ikulu kuficha. Hizo zote zilikuwa njama, mkuu, tena za kweli kabisa.

---

Kalamu Nyeusi

Hoja Kwanza, nakushukuru kwa kulileta hili mapema. Nakubali kila ulichotaja. Mtu aliyetoka kwenye jamii ya watu wa Tuskegee akikataa kuamini neno la serikali bila kuliona kwa macho, mimi simlaumu hata chembe. Shaka yake imelipiwa kwa miili ya watu.

Ila tazama mambo hayo yalitokaje hadharani. Tuskegee ilifichuliwa na Peter Buxtun, mtu wa ndani ya idara ileile. Alilalamika kwa wakubwa wake miaka kadhaa, wakampuuza, hatimaye akampa mwandishi wa habari nyaraka, na Julai 1972 shirika la habari la AP likachapisha. COINTELPRO nayo ilifichuliwa na raia wachache waliovunja ofisi ndogo ya FBI katika mji wa Media, Pennsylvania, usiku wa Machi 8, 1971. Usiku ule Muhammad Ali alikuwa anapigana na Joe Frazier, dunia yote masikio yako redioni, nao wakaingia wakabeba mafaili kwenye masanduku ya nguo. Wakayatuma kwa magazeti. Karatasi zina tarehe, zina majina ya maofisa.

Yaani njama za kweli zina mwili unaoshikika. Zina aliyelipwa na aliyetia saini, na yupo aliyechoka kunyamaza. Tena mara nyingi ni finyu kuliko tunavyowaza: kundi fulani, jambo fulani, kwa muda fulani. Dai la uzushi halina mwili wa kushika. Likikosa ushahidi, kukosekana kwenyewe kunageuzwa ushahidi: "Unaona walivyoficha vizuri?"

Na Watergate ina kitu ambacho natamani tukikumbuke zaidi ya vyote. Nixon alikuwa Mrepublican. Agosti 7, 1974, viongozi watatu wa chama chake mwenyewe, Barry Goldwater, Hugh Scott na John Rhodes, walikwenda Ikulu kumweleza kwamba kura za kumwokoa bungeni hazipo. Kesho yake usiku akatangaza anajiuzulu. Watu wa chama chake waliusikia mkanda wa sauti yake akipanga kulificha jambo lile na wakakubali masikio yao. Leo ningependa kuona chama chochote, cha nchi yoyote, kikifanya hivyo.

---

Mwana wa Mvuvi

Mleta mada, nitakuwa mkali kidogo, usichukie.

Mizani yako umeisawazisha kwa nguvu. 2020 walioshindwa walishuka hadi 21%. 2024 walioshindwa wakabaki 84%. Hizo si namba pacha! Baada ya 2020 mgombea mwenyewe alisimama kila siku kusema kaibiwa, mawakili wakafungua kesi zaidi ya 60 na karibu zote zikaanguka, na Januari 6, 2021 watu wakavamia jengo la Bunge. Baada ya 2024 Harris alikubali matokeo kesho yake. Wapo waliodai mtandaoni kwamba setilaiti za Starlink zilibadili kura, ila hakuna kiongozi mkubwa wa chama chao aliyelibeba dai hilo.

Tafiti pia zipo. Mwaka 2021 Sander van der Linden na wenzake walichapisha kazi inayoonyesha kwamba Wamarekani wa mrengo wa kulia wana mwelekeo mkubwa zaidi wa kufikiri kwa njama kuliko wa kushoto. Ukisema "wote ni walewale" unamfutia kosa aliyekosea zaidi.

---

Kalamu Nyeusi

Mwana wa Mvuvi, siwezi kuchukia, umegonga pale panapostahili. Niseme wazi: matendo hayalingani. Kuvamia Bunge hakulingani na kutuma ujumbe wa kijinga WhatsApp. Mgombea anayewatangazia wafuasi wake milioni kadhaa kwamba wameibiwa ana mzigo ambao mfuasi wa kawaida hana.

Lakini tutenganishe maswali mawili yanayochanganywa kila siku. La kwanza: nani ana tabia ya kuamini njama? La pili: nani amelishwa njama na wakubwa wake? Kwenye la kwanza watafiti bado wanavutana. Wewe umemtaja van der Linden, nami nakutajia Adam Enders na Joseph Uscinski, ambao 2022 walipima nadharia nyingi mbalimbali nchini Marekani na katika nchi nyingine na hawakukuta kwamba mrengo mmoja unaongoza kila mara. Jibu lilitegemea nadharia uliyouliza. Uliza kuhusu cheti cha kuzaliwa cha Obama, lile dai kwamba hakuzaliwa Marekani, Warepublican watajaa. Uliza mwaka 2006 kama maofisa wa serikali ya Bush walishiriki mashambulizi ya Septemba 11 au waliyaacha yatokee, na zaidi ya theluthi moja ya Wamarekani watakuambia inawezekana, Wademokrati wakiwa mbele. Ni rahisi sana kumpata mjinga ukichagua swali la kumkamatia.

Kazi ninayoiona nzito zaidi ni ile ya Roland Imhoff na wenzake, pia ya 2022: nchi 26, watu zaidi ya 100,000. Walikuta fikra za njama zikipanda kwenye ncha zote mbili za siasa, ya kulia zaidi kidogo katika nchi nyingi, na hapo unastahili pointi yako. Ila walikuta pia zikiwa juu kwa wafuasi wa vyama vilivyo nje ya madaraka. Mtu aliyenyang'anywa usukani huanza kuuliza nani kakata breki.

Uscinski na Joseph Parent waliwahi kusoma barua zaidi ya 100,000 zilizoandikwa kwa gazeti la New York Times kati ya 1890 na 2010. Akikaa rais wa Republican, lawama za njama zinawaelekea Warepublican na matajiri wa makampuni. Akikaa wa Democratic, zinawaelekea Wademokrati na wakomunisti. Miaka zaidi ya mia moja, shaka inahama na ufunguo wa Ikulu.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili: ukali wa safari hii umetokana sana na viongozi, na hapo upande mmoja una deni kubwa. Kuni kavu ziko kwenye kila nyumba.

---

Msafiri wa Usiku

Naongezea la nje ya Marekani. Poland, Aprili 10, 2010: ndege iliyombeba Rais Lech Kaczyński ilianguka karibu na Smolensk, Urusi. Walikufa wote 96. Ukungu ulikuwa mzito na rubani alishuka chini mno hadi bawa likagonga mti, ndivyo uchunguzi rasmi ulivyosema. Chama cha ndugu yake pacha kilishikilia miaka na miaka kwamba ndege ililipuliwa. Kilipotawala kiliunda tume yake, na upinzani ulipoingia madarakani mwishoni mwa 2023 ukaivunja tume ileile ndani ya siku chache. Ukimuuliza Mpolandi nini kiliangusha ndege ile, unaweza karibu kukisia anapigia nani kura. Ajali ya ndege, jambo la vyuma na hali ya hewa, limekuwa kadi ya uanachama.

Jambo la pili. Wengi tunadhani elimu ndiyo dawa, mtu asome tu habari, aache ujinga. Joanne Miller na wenzake walichapisha utafiti 2016 na matokeo yake yalininyima raha. Kwa wahafidhina (mrengo wa kulia) wasio na imani na watu na taasisi, waliojua siasa zaidi ndio walioamini zaidi njama zinazowahusu wapinzani wao. Kwa waliberali (mrengo wa kushoto) hawakukuta hivyo. Hebu fikirini: maarifa yanampa mtu zana, na kama moyo umeshaamua, zana zinatumika kujenga ukuta.

---

Mama Wawili

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu habari zenu. Huwa nasoma tu, siandiki. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Mimi na kaka yangu tunaishi Marekani, tulishachukua uraia miaka mingi iliyopita. Yeye anapigia kura Republican, mimi Democratic. Tumebishana tangu siku ya kwanza, na ubishi wetu ulikuwa wa kwenye chakula, mtu anacheka, mtu anaomba chumvi. 2020 ikavunja kitu. Alikuwa ananitumia video usiku wa manane, kumi, kumi na tano. Nilipomwambia ile ya Atlanta imeshaelezwa, akanijibu maneno ambayo sitayasahau: "Hata wewe wamekununua?" Mimi, dada yake, niliyembeba mgongoni akiwa na surua.

Mwaka mzima hatukuongea zaidi ya salamu. Watoto wangu waliacha kuuliza mjomba yuko wapi.

Halafu 2024 mtu wake kashinda. Kaka akanipigia simu asubuhi, sauti ya furaha kama zamani. Nikamuuliza, je, zile mashine za kura ulizokuwa unazishuku 2020, safari hii zilikuwa nzima? Akanyamaza kidogo, akasema, "Safari hii waliogopa kuiba." Nikakata simu kwa hasira. Sikujua nimjibu nini. Naomba ushauri wenu, maana damu ni damu.

---

Hoja Kwanza

Pole sana dada. Hilo jibu la "waliogopa" ndilo lile Kalamu alilolisema juu, dai lisilo na mwili. Wakiiba ni ushahidi, wasipoiba ni ushahidi.

Nami niungame. Baada ya uchaguzi wa 2004 niliamini kabisa kwamba Bush aliiba jimbo la Ohio kwa mashine za kura. Msingi wangu ulikuwa jambo la kweli: mkurugenzi wa kampuni ya Diebold, watengenezaji wa mashine za kura, aliandika 2003 kwenye barua ya kuchangisha fedha kwamba amejitolea kuisaidia Ohio impe Bush kura zake. Barua ile ipo, ni aibu, mtu wa kazi ile hakupaswa kuandika vile. Kwangu ikawa imemaliza kesi. Miaka ikapita ndipo nikajua kwamba kaunti nyingi za Ohio mwaka ule zilikuwa bado zinatumia kadi za kutoboa. Mashine nilizokuwa nazilaani sehemu kubwa ya jimbo hazikuwepo hata mezani.

Sikuwa mjinga. Nilikuwa nimeumia.

---

Kalamu Nyeusi

Hoja Kwanza, heshima yako. Naomba kila mtu aisome tena barua ile ya Diebold, maana ndivyo uzushi mwingi unavyozaliwa: una punje ya kweli ndani. Urusi kwenye uchaguzi wa Marekani wa 2016 ni hivyohivyo. Waliiba barua pepe za chama cha Democratic, waliendesha akaunti bandia kwa maelfu, hayo yamethibitishwa hata na kamati ya Seneti iliyoongozwa na Warepublican. Kutoka hapo takriban nusu ya Wademokrati wakavuka wakaamini Urusi ilibadili hesabu ya kura zenyewe. Kamati ileile haikukuta ushahidi wa kura hata moja kubadilishwa. Punje ilikuwa ya kweli, shamba lililootea juu yake halikuwa.

Mama Wawili, dada yangu, kwanza pole. Sina dawa ya uhakika, nina vitu viwili.

Mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha jaribio la Thomas Costello, Gordon Pennycook na David Rand. Watu zaidi ya 2,000 wanaoamini nadharia fulani za njama waliandikiana na programu ya akili bandia. Kila mmoja alieleza kwa maneno yake kwa nini anaamini, na programu ikajibu sababu zile hasa alizozitoa, moja baada ya nyingine, bila kumtukana. Imani ikashuka kwa wastani wa 20%, na miezi miwili baadaye ilikuwa haijarudi juu. Ninachokichukua humo ni ile namna ya kujibu. Sisi tunamjibu mtu kwa kiungo cha habari ambacho hata hatujakisoma, au kwa "acha upuuzi". Hatujamuuliza ni kipande kipi hasa cha video kilichomshtua. Kaka yako pengine hajawahi kuulizwa na mtu anayempenda.

La pili ni zoezi ninalolifanya mwenyewe, na linauma. Chukua dai, badilisha majina ya vyama, lisome tena. Kama picha ile ya Butler ingekuwa ya mgombea wangu, na mtu wa upande ule akasema ni maigizo, ningemwitaje? Majina yote ambayo ningemwita, nijiite kwanza mimi.

Usimuulize kaka yako kuhusu mashine. Swali lile lilikuwa la kumshinda, na yeye alilisikia hivyo. Muulize ni ushahidi gani ungemfanya aseme "hapa nilikosea". Kisha ujiandae, naye atakuuliza hilohilo.

---

Mwana wa Mvuvi

Bado nasimama na hoja yangu kuhusu viongozi, ila zoezi la kubadilisha majina nimelifanya sasa hivi kwa jumbe tatu nilizosambaza mwezi uliopita. Mbili hazikusalimika.

---

Msafiri wa Usiku

Wakuu, na mauaji ya Rais Kennedy 1963 tunayaweka wapi? Hayo hayana chama. Kampuni ya kura za maoni ya Gallup ilipouliza 2001, 81% ya Wamarekani walisema Oswald, aliyetajwa kuwa muuaji, hakuwa peke yake, na 2023 bado walikuwa 65%.

---

Kalamu Nyeusi

Hayo yanastahili uzi wake. Ila umenikumbusha jambo: Wademokrati na Warepublican wanaweza kuliamini pamoja kwa miongo sita bila jirani kumchukia jirani, kwa sababu mshitakiwa si yule anayeishi nyumba ya pili. Sumu huingia pale anayeshukiwa ni nusu ya wananchi wenzako.

---

Mama Wawili

Wakuu, narudi baada ya siku nne.

Nilimpigia Jumapili. Nikamwambia sikupigii kubishana, nataka kujua ni nini hasa kilichokushtua kwenye ile video ya Atlanta. Akaeleza karibu nusu saa. Masanduku. Usiku. Watu kuondoka. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi, nikayajibu moja moja kwa yale niliyoyasoma humu. Hakukubali. Lakini nilipofika kwenye pipi ya tangawizi alinyamaza, akauliza, "Yule mama ana umri gani?" Nikamwambia ni mtu mzima, wa umri wa mama zetu wadogo. Akasema, "Hilo la kumfukuza nyumbani kwake halikuwa sawa." Hakwenda mbali zaidi ya hapo.

Halafu akaniuliza. "Na wewe dada, ule ujumbe wa risasi ya Butler uliouweka kwenye kundi la familia, uliosema amejipaka damu. Ushahidi wake ulikuwa upi?"

Nilikuwa nimesahau. Nikafungua simu, nikapandisha juu, juu, hadi Julai. Upo. Nimeutuma mimi, saa mbili usiku, na alama tatu za kushangaa. Yule baba alikuwa ameshakufa muda huo.

Sikuweza kuufuta, muda wa kufuta ulishapita. Nimeandika chini yake kwamba nilisema uongo, na nikamwandika marehemu kwamba alikuwa mtu, ana mke na watoto. Kaka ameusoma. Zile alama mbili zimegeuka bluu. Bado hajaandika kitu, ila jana jioni alimpigia mwanangu mdogo kumuuliza kuhusu mpira.